Mkutano wa Kijiji Tulioukimbia



Wiki mbili baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, nilikwenda kuadhimisha Misa katika kigango kimoja cha parokia yetu, huko ambako mashamba ya tumbaku yanapakana na miombo. Baada ya Misa tuliketi chini ya mwembe pamoja na katekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Nikauliza, kama mtu aulizavyo habari za mvua, ni nani aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji. Wakatazamana. Mmoja akataja jina, mwingine akamsahihisha kwamba huyo alikuwa wa kipindi kilichopita. Aliyelijua jina alikuwa binti wa katekista, mwanafunzi wa sekondari, kwa sababu alikuwa amelisoma kwenye karatasi iliyobandikwa katika ukuta wa ofisi ya Mtendaji. Mzee mmoja akasema bila kuona haya, "Padri, sisi mambo hayo tumewaachia wenyewe."

Neno hilo "wenyewe" limenisumbua tangu siku ile. Wenyewe wa kijiji ni akina nani, kama si wale waliokuwa wameketi chini ya mwembe?

Hatuna sababu ya kujidanganya juu ya yaliyowakatisha watu tamaa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa vyama vya upinzani waliondolewa katika hatua ya fomu, wengine kwa makosa ambayo mwalimu wa darasa la nne angeyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia mwanafunzi daftari lake. Vyama vikuu vya upinzani vikajiondoa, na katika vijiji na vitongoji vingi mtu mmoja akapita bila kupingwa, pasipo kura hata moja kupigwa. Mwaka 2024 malalamiko ya majina kukatwa yakasikika tena, na chama tawala kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi nchini. Kisha ukaja Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, uliofuatwa na maandamano, risasi na misiba. Baada ya hayo, mwenye kumwambia Mkristo wa Sikonge au Urambo kwamba kura yake ina thamani hana budi kusema taratibu, na kwa unyenyekevu.

Tena, mratibu wa uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa katika chaguzi zote hizo alikuwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, naye ni mwanachama wa chama kimoja kati ya vinavyoshindana. Tume hii imesema mara nyingi, na inarudia hapa, kwamba mwamuzi hapaswi kuvaa jezi ya timu. Sheria ya Tume ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliutaja uchaguzi huu kama kazi ya Tume, lakini Novemba ile ile waliousimamia walikuwa wale wale wa zamani. Jambo hilo linahitaji kurekebishwa kabla ya mwaka 2029, ambao kwa mzunguko wa miaka 5 ndio unaotazamiwa kwa uchaguzi ujao. Maaskofu wetu, katika Ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018, walikwisha lalamikia kuzuiwa kwa shughuli halali za siasa. Hatuyaongezi maneno hayo hapa. Wanaopaswa kuyasikia wanayafahamu.

Ninalotaka kuwaambia ninyi mnaolishika jarida hili mikononi ni jambo jingine, na huenda likawaudhi baadhi yenu. Kura imeharibiwa na watu wengine. Mkutano wa kijiji tumeuharibu sisi wenyewe, kwa kutokwenda.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ndicho chombo chenye mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Wajumbe wake ni kila mkazi wa kawaida wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Hakuna fomu ya kujaza wala mtu wa kumkata jina. Mjane ni mjumbe, mchunga ng'ombe aliyehamia akakaa ni mjumbe, na padri anayeishi pale ni mjumbe pia. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye watu kati ya 15 na 25, ambao angalau robo yao sharti wawe wanawake, na ndio wenye uwezo wa kumwondoa yeyote kati yao. Unapaswa kukutana kila baada ya miezi 3 na kusomewa mapato na matumizi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri inaisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini tu, na haiwezi kumgawia mtu ardhi hiyo kabla Mkutano Mkuu haujaridhia. Katika mkoa ambao kila mwaka twasikia ugomvi wa mipaka ya hifadhi, wa malisho na wa kuni za kukaushia tumbaku, kifungu hicho peke yake kingetosha kumtoa mtu nyumbani kwake asubuhi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kati ya uchaguzi mmoja na mwingine ipo mikutano 20. Tunalia kwa siku moja tuliyonyang'anywa, na siku 20 ambazo hakuna aliyetunyang'anya tumezitupa.

Najua mtakavyonijibu: Padri, mikutano yenyewe haiitishwi. Ni kweli, na si kwa bahati mbaya. Lakini tukumbuke pia tulikotoka. Utawala wa watemi ulikomeshwa na sheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Vijiji viliandikishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mmoja na kofia mbili. Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi na kuzitenganisha kofia hizo, lakini vichwani mwetu zimebaki zimeshonwa pamoja. Mzee aliyekuwa kijana mwaka 1975 anapoalikwa kwenye mkutano wa kijiji bado anadhani ameitwa kwenye mkutano wa chama. Akiwa si mwanachama, anabaki nyumbani, na akiwa mwanachama anakwenda kupiga makofi. Wote wawili wamekosea.

Zamani katika nchi hii watu hawakuongozwa hivyo hata barabarani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe, ikagawanyika, mkono mmoja ukaenda Ujiji na mwingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wamisionari wa kwanza wa Afrika, wale tuliowaita Mapadre Weupe, walipita humo mwaka 1878. Mbele ya msafara alitembea kirangozi na bendera yake nyekundu, naye alikuwa na mzigo, ingawa mwepesi kuliko wa wenzake. Mwenye mali, awe Mwarabu au Mzungu, hakuweza kumweka kirangozi kwa amri yake tu, kwa kuwa wapagazi wa Kinyamwezi wasipomkubali mtu huyo walitua mizigo, na wengine usiku wakatoroka. Sisemi misafara ile ilikuwa mahali pa haki; ilibeba pembe za ndovu, na pamoja nazo ilipita minyororo ya watumwa. Nasema tu kwamba mpagazi, aliyekuwa hana chochote ila mabega yake, alijua kwamba kiongozi ni shauri lake pia.

Na mji wetu wa Tabora una fundisho lingine, ambalo wanafunzi hulikariri pasipo kulitafakari. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu wa mwaka, na ajenda nzito ilikuwa kama chama kiingie katika uchaguzi ambao serikali ya kikoloni iliuwekea masharti ya kudhalilisha. Mpiga kura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo maalumu. Na katika kila jimbo alilazimishwa kumpigia Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika mji huu na baadaye akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, alisimama kinyume cha wengi wa wafuasi wake, akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. Katika duru mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na haikuchukua muda kura tatu zikawa historia.

Mfano huo usibebe zaidi ya uwezo wake. Mwaka 1958 sheria ilikuwa mbaya lakini karatasi zilihesabiwa. Mtu aliyekatwa jina kwa sababu ya herufi moja hawezi kuambiwa aige Uamuzi wa Busara, maana mlango wenyewe umefungwa kwa komeo. Kwa hiyo simlaumu aliyejitoa mwaka 2019. Ninachojifunza kwa wajumbe wale wa Tabora ni desturi yao ya kutazama kwa makini ni mlango gani uliofungwa na ni upi ulio wazi, badala ya kuinuka kwa hasira na kwenda zao. Kwetu mlango ulio wazi ni mkutano wa kijiji.

Niwasimulie jambo lililotokea katika kijiji kingine cha parokia hii, ambacho sitakitaja. Wananchi walikubaliana kuchangia ujenzi wa zahanati, kila kaya kiasi chake, na wasio na fedha wakatoa siku za kufyatua matofali. Msingi ukachimbwa. Ukuta ukafika usawa wa dirisha, kisha kazi ikasimama. Zaidi ya mwaka mzima ukapita bila mkutano. Watu walinung'unika kisimani, wakanung'unika mnadani, na, niseme kweli, walinung'unika hata kitandikoni mwangu pa maungamo, kana kwamba dhambi ya mwenyekiti ni yao ya kuungama. Baadhi walikuja kuniomba nilisemee jambo hilo altareni. Nikakataa. Nilikuwa na sababu nzuri, kwani sikuwa na ushahidi, na pia nilikuwa na sababu mbaya, kwani mwenyekiti huyo alikuwa mchangiaji mzuri wa parokia. Ilinichukua muda kuzitenganisha sababu hizo mbili.

Waliofanya kazi ni akina mama wa WAWATA wa kigango hicho. Hawakuandamana wala hawakutukana mtu. Waliandika barua moja, kwa mwandiko wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ya kuomba Mkutano Mkuu uitishwe na taarifa ya michango ya zahanati isomwe. Wakaitia saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Nakala moja walimpelekea Mtendaji wa Kijiji, moja diwani, moja wakaitunza kwenye sanduku la jumuiya pamoja na mishumaa. Akina baba wa Kiislamu wa kitongoji jirani walipopata habari wakaomba kuweka majina yao pia, na wakaweka. Barua haikujibiwa. Baada ya mwezi wakaandika ya pili, yenye maneno yale yale na tarehe mpya.

Mkutano uliitishwa. Ulidumu tangu saa 4 asubuhi hadi jua lilipopinda. Daftari lilisomwa mstari kwa mstari, na ikaonekana kwamba mifuko ya saruji iliyolipiwa na ile iliyofika havilingani, na kwamba sehemu ya fedha ilikopeshwa kwa watu wawili wa Halmashauri pasipo idhini. Mwenyekiti hakuondolewa, mkutano uligawanyika, wakampa muda wa kurudisha. Akarudisha sehemu, nyingine hajarudisha mpaka leo ninapoandika. Zahanati imeezekwa lakini haina mganga. Mama mmoja kati ya walioanzisha barua ile hasalimiwi na shemeji zake, kwa kuwa mmoja wa waliokopeshwa ni wa ukoo wao. Nimewatembelea pande zote mbili mara 3, na sijafaulu kuwapatanisha.

Nimeyasimulia haya yote pamoja na sehemu zake chungu ili asije mtu akasema kwamba Tume ya Haki na Amani inauza miujiza. Lakini angalieni: mwenyekiti yule alipita bila kupingwa mwaka 2019. Hapakuwa na kura ya kumwajibisha. Daftari lilimwajibisha, kwa kadiri ile iliyowezekana.

Sasa niseme nasi tulio ndani ya Kanisa. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anasimama juu ya mlima Gerizimu na kuwasimulia watu wa Shekemu hadithi ya miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, haukutaka kuacha mafuta yake. Mtini ukakataa kwa sababu ya utamu wake. Mzabibu nao ukasingizia divai. Mwisho wakauendea mti wa miiba, nao ukakubali mara moja, tena kwa vitisho. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi na daima nilitazama miiba. Siku hizi nawatazama wale watatu wa kwanza. Ni katekista hodari, mhasibu wa parokia anayeaminika kwa senti ya mwisho, mama mwenyekiti wa jumuiya ambaye majirani humwendea na ugomvi wao. Ukiwaambia wagombee hata uenyekiti wa kitongoji, kila mmoja hujibu kwamba siasa ni mchezo mchafu na kwamba yeye ana kazi ya Mungu. Mafuta, utamu na divai.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukufundisha hivyo; uliwasifu wale wanaojitoa kwa ajili ya utawala wa umma na kuubeba mzigo wake. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1988 juu ya walei, alieleza wazi kwamba lawama za rushwa na tamaa ya madaraka, hata zikiwa za kweli, hazimpi mlei ruhusa ya kuyakimbia mambo ya umma. Aliyekatazwa ni mimi. Sheria ya Kanisa hairuhusu padri kushika madaraka ya kiserikali, wala kushiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa, na ni vyema iwe hivyo. Nisingependa kuona kadi ya chama chochote ikining'inia karibu na stola. Lakini katazo la padri halikuwekwa ili mlei ajifiche nyuma yake.

Tena, ni wapi walei wetu wangejifunza kuuliza hesabu, kama si parokiani? Naungama hapa mbele yenu. Miaka michache iliyopita, muda wa Halmashauri ya Walei ulipokwisha, nilisimama baada ya matangazo nikauliza kama kuna mwenye pingamizi viongozi waliopo wakiendelea. Watu wakapiga makofi. Kipindi cha tatu kikaanza namna hiyo, bila kura, bila taarifa ya fedha, na mimi nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika. Wakati ule ule nilikuwa nikiandika makala ya kulaumu watu wanaopita bila kupingwa. Uchaguzi wetu wa walei uliofuata tuliufanya kwa kura za siri na taarifa ya mapato ikabandikwa mlangoni. Haikuwa rahisi, na mzee mmoja aliyeshindwa bado hukaa benchi la nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia mwaka 2029, Tume inawaomba viongozi wa kila Jumuiya wafanye jambo dogo katika mkutano wao wa wiki hii. Baada ya sala na Neno la Mungu, waulizane Mkutano Mkuu wa Kijiji ulifanyika lini kwa mara ya mwisho, na ni nani kati yao alikuwepo. Walioko mjini, ndani ya Manispaa, waulize vivyo hivyo juu ya mikutano ya mtaa wao. Kama hakuna anayekumbuka tarehe, iandikwe barua kwa Mtendaji, fupi, yenye heshima, isiyomshutumu mtu, na nakala itunzwe. Wasiwatenge majirani ambao si Wakatoliki, kwa maana zahanati na ardhi havina dhehebu. Wasiwasahau pia ndugu wa Ulyankulu, waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao tangu mwaka 2014 walianza kupokea vyeti vyao vya uraia. Wapo wanaokaa vijijini mwetu na ambao bado hunyamaza mikutanoni kana kwamba ni wageni. Na wanawake, ambao sheria imewapa robo ya viti kama kiwango cha chini, wasihesabiwe robo hiyo kuwa ndiyo kipimo chao.

Yule mzee wa chini ya mwembe nilikutana naye tena mwezi uliopita. Nilimuuliza kama kijiji chao kimekwisha kukutana. Akasema kimekutana mara moja, naye alikwenda, akakaa mbali kidogo, karibu na baiskeli yake. Hakusema neno. Lakini anataka kujua kama mtu anaruhusiwa kuomba daftari lisomwe tangu ukurasa wa kwanza, au ni ule wa mwaka huu tu.